Sahani ya Fedha ya Sepuka

Akina mama wenzetu, tulifika Sepuka kutoka Singida mjini wakati alizeti zimeinamisha vichwa, zikingoja kuvunwa. Tulifuata mafuta na kuku wa kienyeji. Mama mwenyeji wetu akatuletea na kitu kingine: sahani kubwa ya kupakulia, yenye kifuniko, imekuwa nyeusi kwa ukongwe.

"Ni fedha ya Waingereza," alisema. Babu wa mumewe alimpikia Mzungu kabla ya Uhuru wa 1961, akaachiwa sahani hiyo. Sasa aliiuza ili bintiye apate mahitaji ya bweni.

Tuliigeuza. Fedha halisi ya Kiingereza ya zamani huwa na mhuri wa simba anayetembea, yaani sehemu 925 katika 1,000 ni fedha. Hapa simba hakuwapo, bali herufi EPNS: mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli, uliopakwa fedha kwa umeme. Ufundi huo akina Elkington wa Birmingham waliupatia hataza mwaka 1840.

Tulimweleza ukweli, ingawa ndimi zilikuwa nzito. Alikaa kimya, kisha akacheka kidogo. "Afadhali nimejua kabla sijamdanganya mtu."

Akaisugua kwa majivu, akatupakulia humo kuku na ugali wa mtama. Tuliondoka na kuku sita na madumu mawili ya mafuta, na bei hatukuomba ipunguzwe. Binti alitusindikiza mpaka barabarani, akihesabu zile noti.