Sakafu nyekundu ya Biryogo

Nyumba nyingi za zamani za Biryogo na Nyamirambo, mjini Kigali, zilikuwa na sakafu ya saruji nyekundu. Fundi alimwaga zege, akalisawazisha, kisha kwenye tabaka la juu akachanganya saruji na rangi ya unga, yaani oksidi ya chuma, ile ile inayoupa udongo wa Rwanda wekundu wake. Akalipiga mwiko lingali bichi mpaka likawa laini. Hapo kazi yake ikaisha, ikaanza ya wenye nyumba.

Kwetu ilikuwa kazi ya Jumamosi. Ile ya mwisho wa mwezi asubuhi ni ya umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, kwa hiyo sakafu ilisubiri mchana. Viti na meza vilitolewa uani, mikeka ikakung'utwa mbali na mlango. Mama alifagia, akafagia tena, kwa kuwa vumbi la Kigali wakati wa kiangazi ni laini sana na hupita hata chini ya mlango uliofungwa. Kisha maji yenye sabuni, yakasukumwa nje kwa rakleti, ule mpira wenye mpini wa kusukumia maji, na hakuna aliyeruhusiwa kuingia mpaka sakafu ikauke kabisa. Nta ikipakwa juu ya unyevu hufanya mabaka meupe, na mabaka hayo hayatoki kwa kusugua.

Nta yenyewe ilikuwa ya kopo, nyekundu, yenye harufu kali iliyokaa nyumbani hadi usiku. Mama alipiga magoti akaipaka kwa kitambaa, akirudi nyuma kuelekea mlangoni. "Kidogo, wanangu, kidogo," alituambia. Nta nzito haikauki ndani. Hushika vumbi na kuonyesha kila unyayo.

Ikishafifia ndipo tulipoanza kung'arisha, na kwa hilo tulikuwa na kitu ambacho majirani wengi hawakuwa nacho. Rwanda haina minazi ya kutegemea, lakini baba alikuwa dereva wa lori wa njia ya Dar es Salaam, na kila baada ya safari kadhaa alileta nazi kavu zikiwa bado na makumbi yake. Alizikata katikati kwa msumeno, akatoa kifuu na nyama yake. Nusu ya kumbi ukiigeuza, nyuzi zilizokatwa zinatazama chini, ni brashi ngumu inayoenea mguu wa mtoto. Unaikanyaga, unashika kiuno, unaipeleka kwa mguu mbele na nyuma mpaka paja linauma. Mwisho kilipita kipande cha blanketi kuukuu: mdogo akikikalia, mkubwa akimvuta sebule nzima. Kabla ya Idi hatukuruka chumba hata kimoja, maana wageni walikuja moja kwa moja kutoka msikiti wa Al-Fatah, wakavua viatu kizingitini na kuketi mikekani.

Mashine ililetwa na mjomba. Alikuwa msafishaji katika hoteli mjini, na hoteli ilipouza vifaa vyake vya zamani akanunua moja: mota nzito kama mtungi wa gesi, brashi ya duara chini yake, mpini mrefu, waya wa kutosha nyumba nzima. Alianza kwa kunifundisha kusimama.

"Mpini uwe usawa wa kiuno, mjomba. Ukiuinua kidogo itakwenda kulia, ukiushusha itakwenda kushoto. Usishindane nayo. Na waya upitishe begani, ubaki nyuma yako."

Kweli, nilipoushusha mpini kidogo tu, mashine ikateleza kushoto yenyewe. Mzunguko wa brashi hupasha nta joto kidogo, ikalainika na kujaza vitundu vya saruji ambavyo kumbi halikuvifikia. Mama alifurahi, ingawa jicho lake halikutoka kwenye mita ya kashpawa, umeme wa kulipia kabla, na tulipomaliza chumba alitaka izimwe mara moja.

Hakuacha kufagia mara mbili, na alikuwa na haki. Jirani mmoja aliyeazima mashine kwa haraka aliipitisha juu ya sakafu isiyofagiwa vizuri. Punje za mchanga zilizunguka pamoja na brashi, na jua la jioni lilipoingia kwa mshazari tuliona sebule yake imejaa mikwaruzo ya duara, mmoja ndani ya mwingine. Tangu hapo mjomba hakuiazimisha bila yeye mwenyewe kwenda kukagua sakafu kwanza. Kwetu, kila mwaka kabla ya Ramadhani, tulikwangua pia nta iliyolundikana pembeni, iliyokwisha kuwa nyeusi, kwa maji ya moto, sabuni na chuma cha kusugulia.

Siku hizi Kigali inajenga kwa makaro, yaani vigae vya sakafu. Yale yenye mng'ao wa kiwandani hayanywi nta. Ukiyapaka yanateleza na mtu anavunjika mguu. Hayo yanatosheka kwa maji na kitambaa. Lakini sakafu nyekundu bado zipo, nyingine zimefichwa chini ya kapeti la plastiki, na kila mwaka naona fundi akizivunja. Kama umerithi moja, mwambie asubiri. Kwangua kona moja, ioshe, iache ikauke, paka nta nyembamba uisugue. Ufa huzibwa kwa saruji na rangi ile ile. Ukiipenda hiyo kona, kodisha mashine umalizie nyumba nzima, na ufagie mara mbili kabla hujaichomeka kwenye umeme.