N Si Ngoja

Niliposhika usukani kwa mara ya kwanza nilikuwa na miaka 61. Mwaka mmoja kabla yake nilikuwa nimeiweka chaki chini, baada ya kufundisha Kiswahili katika shule za sekondari tangu nilipotoka chuo cha ualimu, na sehemu ya mafao yangu nikaitumia kununua gari dogo lililokwisha kutumika, lililoletwa kutoka Japani. Wanangu walinicheka kwa adabu. Mjukuu wangu, ambaye wakati huo alikuwa darasa la pili, hakucheka. Aliuliza tu kama atakuwa anakaa mbele.

Wasomaji wa ukumbi huu wamezoea kuniona nikibishana juu ya vina vya kati na matumizi ya "kwamba". Leo naomba radhi kwa kuwapeleka barabarani. Nina kosa la lugha la kuungama, na kosa hilo nusura liue mtu.

Gari langu lilikuja likiwa na lugha yake. Japani, kama ilivyo Tanzania, Kenya na Uganda, huendesha magari upande wa kushoto wa barabara, na usukani wao uko kulia kama wetu. Ndiyo sababu mojawapo magari yao yaliyotumika yamejaa kwetu. Lakini hakuna aliyekumbuka kulifundisha gari Kiswahili. Maandishi yote ya kwenye kioo cha dashibodi yalikuwa ya Kijapani. Redio yake ilikomea masafa ya 90, kwa kuwa mawimbi ya FM ya kwao huanzia chini kuliko yetu, hivyo stesheni zetu nyingi haikuzijua kabisa. Na kila nilipoliwasha, sauti ya mwanamke mpole ilinisemesha sentensi moja ndefu. Kwa miezi minne nilimwitikia, "Ahsante, mwanangu," nikiamini ananitakia safari njema. Siku moja kijana wa jirani akamtegea simu yenye programu ya kutafsiri. Kumbe bibiye alikuwa akidai kadi ya kulipia ushuru wa barabara za mwendo kasi za Japani! Alikuwa akinidai kila asubuhi, nami namshukuru.

Kichekesho hicho kilinipa kiburi. Nilijiambia kwamba mtu aliyewafundisha vijana wa watu ngeli za Kiswahili hashindwi na dashibodi. Waliotutangulia hawakushindwa: usukani waliutoa majini, kwenye chombo cha nahodha, wakautia ndani ya gari, nalo neno gari lenyewe wakalipokea kutoka India bila kuona haya. Basi nami nikaanza na wenzo wa gia. Gari langu ni la kujiendeshea gia lenyewe, halina klachi. Wenzo wake una herufi nne, P, R, N na D. Mwalimu wangu wa udereva alinieleza herufi hizo siku ya kwanza, kwa haraka, akitafuna mhogo, nami nikasikia nusu.

Chuoni tulifundishwa kwamba jambo gumu likitungiwa wimbo, mwanafunzi hulikumbuka. Nikalitungia. Mnisikilize, mniambie kama si mshororo:

*Pumzika, rudi, ngoja, dumu na mwendo, dereva.*

Hesabuni. Ukwapi mizani nane, utao mizani nane. P ni pumzika, R ni rudi, N ni ngoja, D ni dumu. Na kwa hisani ya bahati, "dereva" likajileta lenyewe mwishoni na D yake. Nililiandika kwa kalamu ya wino kwenye kipande cha kadi, nikakibandika kwa selotepu kando ya wenzo. Mjukuu wangu alilikariri siku hiyo hiyo. Nilijiona nimeitendea lugha yangu haki kuliko miaka yote niliyosahihisha insha.

Sisi tunaishi Lushoto, na barabara zetu hazijui kulala. Kutoka Mombo unapanda huku mlima uko upande mmoja na bonde upande wa pili, kona baada ya kona, hadi Soni, kisha unaendelea kupanda. Jumamosi moja nilikuwa narudi na mjukuu wangu. Alikaa nyuma, mkanda kaufunga. Juu kidogo ya Soni nikaona mama anauza peasi kando ya barabara, nami nikaegesha mbele yake kidogo, mahali palipoonekana tambarare. Ilikuwa shughuli ya dakika moja. Sikutaka kuzima injini. Nilikanyaga breki, nikautazama mshororo wangu, nikajiuliza nafanya nini hapa. Napumzika? La. Nangoja. Nikaweka N.

Niliuondoa mguu kwenye breki, na gari halikusogea. Baadaye nilikuja kujua kwamba gurudumu la nyuma lilikuwa limeegemea kokoto. Nikashuka, nikaufunga mlango kwa nguvu, kama ifanyavyo milango ya magari ya zamani yanayokataa kufungika. Kishindo kile kikatosha. Gari likaivuka kokoto na kuanza kurudi nyuma.

Lilikwenda polepole, na upole ule ndio ninaouona bado usiku. Halikuwa na haraka yoyote. Mjukuu wangu alinitazama kupitia dirishani bila woga, kwa kuwa bibi yake yuko pale. Yule mama alikuwa nyuma na ndoo zake, mtoto wake mchanga mgongoni, ameinama akinichagulia peasi zilizoiva. Nilishika mpini wa mlango nikavuta, mithili ya sisimizi anayevuta gogo. Nikapiga ukelele ambao haukuwa neno la lugha yoyote.

Aliyetuokoa ni utingo wa lori la kabichi lililoegeshwa nyuma yetu. Magogo ya kuzuia magurudumu yalikuwa miguuni pake, maana wao hawaiamini milima hii hata kidogo. Alilirusha moja nyuma ya gurudumu langu. Gari likapanda juu yake, likatingishika, likatulia. Yule mama alikuwa amekwisha kuruka upande. Ndoo moja ilipondeka, na peasi zikabiringika hadi bondeni. Nililipa ndoo, nililipa peasi, nikataka kulipa na vingine visivyo na bei, naye akanikalisha chini kwenye kanga yake, akanipa maji.

Mjukuu wangu alishuka, akaja kukaa karibu yangu. Akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kuelewa tu: "Bibi, si uliandika ngoja?"

Kwa fundi nilikwenda Jumatatu. Ni mwanafunzi wangu wa zamani. Ukweli ni kwamba nilipata kumpa alama 28 katika mtihani wa ushairi, na hadi leo hunisalimu kwa heshima isiyolingana na alama hizo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Njoo ulitazame gari hili, linarudi nyuma lenyewe."

Aliingia, akautazama wenzo, akaisoma kadi. "Nani alikuandikia hivi, mwalimu?"

"Niliandika mwenyewe."

Alinyamaza kidogo, kama tulivyokuwa tukinyamaza mbele ya mkaguzi. Kisha akasema: "N sisi tunaiita frii. Injini imeachana na magurudumu, na magurudumu hayajashikwa na kitu. Gari lililo frii halimngoji mtu, mwalimu. Linangoja mteremko tu."

Katika miaka yote niliyofundisha tamathali za semi sikuwahi kupata fasili iliyonyooka kiasi hicho. Akaendelea. P nayo, alisema, si pumziko. Ukiiweka, kidole cha chuma ndani ya giaboksi huingia kwenye meno ya gurudumu dogo na kulizuia lisizunguke. Ukikiachia kidole hicho peke yake uzito wa gari zima mlimani, unakitesa bure, na kikivunjika huna kitu. Kwa hiyo kwanza ukanyage breki, kisha ukaze handibreki, ndipo uweke P. Na ukishuka, hata kwa dakika moja, zima injini na uchukue ufunguo.

"Handibreki," nikamwambia, "gari hili halina ya mkono."

Akacheka kwa mara ya kwanza. "Ni ya mguu, mwalimu. Ile pedali ndogo kushoto. Unaikanyaga inakaza, unaikanyaga tena inaachia. Lakini jina lake ni handibreki."

Basi fikirini, enyi wapenzi wa istilahi: breki ya mkono inayokanyagwa kwa mguu, katika gari lenye N isiyongoja. Nami nilikuwa nikiikwepa pedali ile kwa sababu nyingine ya kisarufi. Kwenye dashibodi kuna taa nyekundu yenye alama ya mshangao. Alama hiyo imo ndani ya duara, na duara limo ndani ya mabano. Mwalimu wa lugha akiona alama ya mshangao ndani ya mabano, tena nyekundu, anajua kwamba kuna jambo la kustaajabisha lililosemwa pembeni. Niliichukia taa ile. Kila ilipozimika nilipumua. Kumbe huwaka handibreki ikiwa imekazwa. Ikiwaka nawe uko mwendoni, ni hatari: ama umeisahau handibreki, ama mafuta ya breki yamepungua, nawe unapaswa kusimama. Ikiwaka nawe umeegesha, ndiyo amani yako. Alama ni ile ile. Muktadha ndio unaoigeuza maana. Somo hilo nililifundisha kila mwaka kwa neno "paa", nikalifeli kwenye gari langu mwenyewe.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyakagua majina ya vitu vya gari kama nilivyokagua insha, na nimekuta mengi yanayodanganya kwa upole. Kile cha nyuma ya kichwa tunakiita kiegemeo, basi watu hukishusha chini kabisa kama mto wa kulalia. Kazi yake ni kukizuia kichwa kisipinde nyuma ghafla ukigongwa kutoka nyuma, na kwa kazi hiyo hupandishwa mpaka katikati yake ilingane na masikio, si shingo. Ule uliofichwa ndani ya usukani tunauita mfuko wa hewa, jina laini kama la mtoto aliyelala. Lakini unafumuka kwa gesi kabla hujafumba jicho, kwa kishindo kinachoweza kumuumiza mtu aliye karibu mno. Mfuko wa pili uko mbele ya kiti cha abiria, na hilo ndilo lililokuwa jibu langu kwa mjukuu kuhusu kukaa mbele. Niliambiwa kifua cha dereva kiwe umbali usiopungua sentimita 25 kutoka katikati ya usukani. Nikaichukua rula yangu ya shule nikapima, nikakuta 17. Mimi ni mfupi. Nilikuwa nimekivuta kiti mbele na kukalia mto wa sufi, nao mto huo ulikuwa ukiupandisha mkanda kutoka kwenye nyonga hadi tumboni. Fundi alinionyesha kwamba kiti kina wenzo wake wa kukiinua. Mto umerudi sebuleni. Kiti nacho sasa nakirekebisha gari likiwa limesimama, maana kikiteleza safarini mguu hauioni breki.

Kadi niliibandua. Lakini wenzo ukabaki uchi, na mjukuu wangu aliendelea kuukariri mshororo ule wa zamani kila tulipopanda gari, kwa kuwa mshororo wenye mizani hautoki kichwani kwa kubanduliwa. Kazi hii sisi tunaifahamu: neno baya lililotulia katika wimbo mzuri hung'olewa na wimbo mwingine tu.

Nilihangaika wiki mbili na N. Nilijaribu "nyepesi", nikaikataa, ina sifa nzuri mno. Hatimaye nikaona kwamba gari lenyewe ndilo lipewe nafasi ya kusema: *nateleza*. Maana ilikuwa kamili, lakini mizani ikaharibika. "Pumzika, rudi, nateleza" ni mizani kumi, ni guni tupu. Sikuweza kuitoa "nateleza". Ikabidi itoke "pumzika", ambayo nayo fundi alikwisha kuishtaki kwa uongo. Na neno pekee la P lenye mizani mbili, linalosema kinachofanyika bila kuongeza chumvi, ni neno ambalo kwa miaka zaidi ya thelathini nilikuwa nikilikata kwa wino mwekundu kila lilipoingia kwenye insha, nikiandika juu yake "egesha":

*Paki, rudi, nateleza, dumu na mwendo, dereva.*

Najua mtakayosema. Nafsi imebadilika katikati ya mshororo: maneno mengine yanamwamuru dereva, na hilo moja linasemwa na gari. Mmoja wenu amekwisha kuniandikia kwamba ni kasoro. Nimeiacha. Pale nafsi inapobadilika, mtoto hujikwaa kidogo kila anapousoma, naye akijikwaa hutazama chini, kwenye mguu wangu wa kushoto.

Jana tuliegesha sokoni. Nilikanyaga breki, nikaikanyaga pedali ile ndogo, nikaweka P, nikazima injini. Yeye nyuma alikuwa bado hajafungua mkanda.

"Bibi, mshangao uliwaka?"

"Uliwaka."

"Haya, tushuke."