Utata wa Pembetatu

Sentensi "Asha alimpigia Juma mpira" ni tata. Huenda Asha aliupiga kwa niaba ya Juma, au aliupiga kuelekea kwake. Hisabati nayo ina utata wake, na kwetu Marereni, penye mabwawa ya chumvi, utata huo waweza kumega ardhi ya mtu.

Chukua kiwanja cha pembetatu. Kutoka kigingi A hadi C ni mita 100. Kutoka C hadi B ni mita 60. Pembe A ni nyuzi 30. Kwa kanuni ya sini, sini ya pembe B ni 0.833. Lakini pembe mbili zina sini hiyo: nyuzi 56.4 na nyuzi 123.6. Hivyo AB ni mita 119.8 au 53.4, na eneo ni mita mraba 2,994 au 1,336. Vipimo ni vilevile. Viwanja ni viwili.

Mwaka 2005 Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilifanya uchunguzi wa hadhara kuhusu utengenezaji wa chumvi Magarini, na ardhi ilikuwa miongoni mwa malalamiko. Sidai kwamba sini ndiyo chanzo. Hata hivyo, hati isomekayo kwa namna mbili humfaa mwenye nguvu.

Muktadha huondoa utata wa sentensi. Ule wa pembetatu huondolewa na kipimo cha nne: kamba ivutwe kutoka A hadi B, majirani wakishuhudia. Nasi tunaosomea lugha tuwasomee wazee wetu hati hizo kabla hawajatia alama ya kidole gumba.