Kitabu cha Picha, Mtoto na Bibi Yake

 

Leo sina habari za singo wala piko. Nina jambo la nyumbani kwangu ambalo nimelificha karibu mwaka mzima kwa aibu, na nimeona nilitoe, huenda likamfaa mama mwenzangu.

Mwanangu wa kwanza alipokuwa darasa la kwanza alikuwa na kitabu kimoja cha picha, hadithi ya samaki na mvuvi. Nilimnunulia Darajani, kurasa kumi na sita tu. Kila usiku akinisomea mwanzo mpaka mwisho bila ya kukwama. Nikamsifu kwa majirani, nikamsifu kwa mama yangu, nikamsifu mpaka kwenye shughuli za watu. Mwanangu anasoma, mashaAllah!

Ikafika Sikukuu. Iddi mosi wifi zangu wamejaa sebuleni, sinia ya visheti katikati, na mimi na maringo yangu nikamwita: "Hebu wasomee mashangazi zako." Akafungua kitabu, akaanza vizuri. Kwa ile haraka yake akapindua kurasa mbili kwa pamoja. Picha iliyofunguka ni ya mvuvi anavuta wavu, na yeye akaendelea kutusomea habari za samaki aliyelala chini ya jiwe. Wifi yangu mdogo ndiye aliyeona. Akaangua kicheko: "Huyu hasomi, huyu kahifadhi!"

Wakacheka wote. Na mimi nikacheka, lakini uso ulikuwa unawaka moto.

Usiku wageni walipokwenda zao nikamkalisha kwenye mkeka. Nikafunika picha kwa kiganja, nikamwonyesha neno. "Hapa pameandikwa nini?" Kimya. Nikamwonyesha jengine. Kimya. Nikamfinya sikio. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama, funua picha, nitasoma." Nikamfinya tena.

Wallahi kila nikikumbuka maneno yale moyo unaniuma. Mtoto alikuwa ananieleza ukweli wote wa tatizo lake, na mimi namfinya.

Mama mkwe alikuwa anamaliza nyiradi zake chumba cha pili. Akaja, akakaa mlangoni. Hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Mwanangu, ulipokuja nyumba hii hujui kukuna nazi, nani alikufinya?" Nikainamisha kichwa. Akamgeukia mjukuu wake: "Njoo, mume wangu, lete hicho kitabu unisomee mie."

Sasa niwaambie kitu kuhusu mama mkwe. Msahafu anausoma vizuri kabisa. Barua za marehemu baba mkwe alizokuwa akimwandikia kutoka safarini anazo mpaka leo, na anazisoma, kwa sababu zimeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyokuwa wakiandika wazee wetu wa pwani. Lakini skuli hakupelekwa. Herufi hizi ninazoandikia mimi sasa hivi, yeye hazijui. Miaka yote nimekaa naye sikuwahi kulifikiria jambo hilo hata siku moja.

Akawa anauliza kama mtu anayetaka kujua kweli. "Huyu kwa nini kanuna? Huu mtego wa nini? Wewe ungekuwa samaki ungefanyaje?" Mtoto akasahau kulia, akaanza kumweleza. Halafu bibi akaweka kidole kwenye maandishi: "Hiki hapa ndicho samaki? Mbona naona kama kipo na hapa tena?" Mtoto akainama akatazama. Nadhani ndiyo mara yake ya kwanza kuyatazama yale maandishi. "Kweli bibi! Na hapa kipo! Na hapa!" Wakakizunguka kitabu kizima wakimtafuta samaki kwenye maneno badala ya kwenye picha. Na mimi mwenye cheti cha kidato cha nne nimekaa pembeni natazama.

Tangu usiku ule tukaanza upya. Nitawaeleza tulivyofanya, si kwa kuwa mimi mwalimu, bali kwa kuwa nimeona faida yake.

Kwanza, picha inazungumzwa kabla ya maneno. Dakika kumi baina ya Magharibi na Isha, si zaidi. Mtoto aseme anaona nini, nani kafanya nini, na nini kitafuata. Maneno anayoyasema ndiyo atakayokutana nayo baadaye kwenye maandishi, na neno analolijua kwa mdomo ni rahisi kulisoma.

Pili, kidole kinatembea chini ya neno. Mtoto aone kwamba hadithi inatoka kwenye maandishi, na kwamba tunasoma kutoka kushoto. Usilione hili dogo. Mtoto wetu wa chuoni amezoea kuanza kulia, na wangu alikuwa akianzia upande wowote.

Tatu, Kiswahili chetu kina rehema. Irabu ni tano tu na kila moja ina sauti yake isiyobadilika. Tulikata neno samaki vipande vitatu kwenye karatasi: sa, ma, ki. Tukaongeza ka. Vipande vinne tu, akatoa kima, akatoa kisa, akatoa kasa. Siku alipotoa kasa alikimbia nje kuwaambia wenziwe, maana kasa anamjua, keshamwona pwani.

Nne, picha haifunikwi kwa kumtega. Tunaiacha. Mtoto anakisia kwa picha, halafu namuuliza, "Tuhakikishe, herufi ya mwanzo inasemaje?" Akikisia jahazi na pameandikwa ngalawa, herufi zenyewe zitamrudisha. Hapo ndipo kukariri kunapogeuka kusoma. Na kuhifadhi si kosa, hifdhi ni neema ambayo vyuo vyetu vimewapa watoto wetu. Kosa lilikuwa langu mimi, nilidhani hifdhi na kusoma ni kitu kimoja.

Tano, kuandika. Anachora picha yake, ananiambia hadithi, mimi naandika chini sentensi moja, yeye anapita juu ya herufi zangu kwa penseli. Baada ya wiki chache akataka kuandika mwenyewe. Akaandika "buzi" kwa mbuzi na "goma" kwa ngoma. Sikupiga mkasi kwa kalamu nyekundu. Tulitamka pamoja, nikamwambia ashike midomo yake asikie ile m inavyobana kabla ya b. Akaiongeza mwenyewe. Na zile dh, th na gh zinazowasumbua watoto wengi, wa chuoni keshazipata sauti zake kwenye dhal, tha na ghain. Unamwonyesha tu kwamba dhahabu ni sauti ile ile anayoijua.

Vitabu vikikosekana, tengeneza. Karatasi za daftari, uzi na sindano, picha za maboksi ya sabuni na kalenda za zamani. Na kwa mwenye simu, tovuti ya African Storybook iliyoanzishwa Afrika Kusini ina hadithi za picha kwa Kiswahili, bure, unaweza kuzisoma au kuzichapisha. Hapa Tanzania pia upo Mradi wa Vitabu vya Watoto tangu mwaka 1991, na vitabu vingi vya Kiswahili vya watoto vimetoka kwa msaada wake. Ukiviona dukani, usivipite.

Kuna dada atauliza kuhusu picha zenyewe. Masheikh wamekhitilafiana, na wewe muulize unayemwamini. Mimi nimetulizwa na ile hadithi ya Bi Aisha radhiyallahu anha, aliyekuwa na wanasesere wake, na farasi mwenye mbawa ambaye Mtume salallahu alayhi wasallam alimuuliza habari zake, na alipojibiwa akacheka. Ukipenda, anza na vitabu vya vyombo, matunda, miti na mashua.

Dini yetu imeanza kwa amri ya kusoma. Imesimuliwa kwenye sira kwamba baada ya vita vya Badr, mateka wasiokuwa na fidia lakini wanajua kuandika, fidia yao ilikuwa kuwafundisha watoto wa Madina. Na Bi Shifaa bint Abdullah ndiye aliyemfundisha Bi Hafsa, mke wa Mtume, kuandika. Mwanamke kumfundisha mwanamke mwenzake, ndani ya nyumba. Basi tusiseme kazi hii ni ya skuli peke yake.

Na wewe bibi harusi, usipite ukasema haya hayakuhusu. Umewahi kusikia kuhusu sahaba asiyekuwa na hata pete ya chuma, akaozeshwa kwa kile alichokihifadhi cha Qur'ani. Elimu imewahi kuwa mahari. Mpwa wangu alipoolewa mwezi wa Shaaban nilimtilia kitabu cha picha kwenye sanduku lake, katikati ya kanga na udi. Mashangazi walinisema: "Hata nyumba hajaizoea, ushamtilia mtoto!" Nikawaambia, siku itakayofika kitamkuta. Isipofika upesi, watoto wa mawifi watakuwepo, na bi harusi anayewasomea watoto wa mawifi hakosi kupendwa.

Mwanangu hajawa bingwa. Yuko darasa la pili, anasoma polepole, bado anakwama kwenye maneno marefu. Sikio nilimwomba radhi. Akaniambia ameshasahau, lakini mimi sijasahau.

Lakini mwezi uliopita bibi yake alirudi hospitali na dawa za presha na za sukari. Pakiti mbili zinazofanana, na yeye siku zote alikuwa akizitambua kwa rangi ya vidonge tu. Safari hii vyote vyeupe. Mimi nilikuwa jikoni. Niliporudi nikamkuta mtoto kalala kifudifudi juu ya mkeka, kachora jua kwenye pakiti moja na mwezi kwenye ya pili. Chini ya jua kaandika "asbuhi". Chini ya mwezi kaandika "usiku".

Nilichukua kalamu ili niitie ile u iliyokosekana. Mama mkwe akanishika mkono.

"Wacha hivyo hivyo," akasema, kidole chake kiko chini ya neno, kikitembea kutoka kushoto. "Mie nishaisoma."