Siku Moja Thika na Ruiru: Waridi, Mibuni na Harufu ya Asumini



Wapenzi wasomaji, eda ya mama yetu ilikwisha baada ya miezi minne na siku kumi, kama sheria inavyoelekeza, lakini huzuni yake haikufuata hesabu hiyo. Nguo za rangi alizokuwa ameziweka kando alizitoa sandukuni, akazikunjua, akazirudisha. Udi haukufukizwa, wala kikuba hakikurudi kifuani. Marehemu baba alikuwa na desturi ya kurudi nyumbani kila Alhamisi jioni na asumini zilizotungwa, alizozinunua Mji wa Kale baada ya sala ya alasiri. Tangu alipofariki, mama akiona asumini zinauzwa njiani, huvuka upande wa pili.

Sisi mabinti zake watatu tuliyaona hayo na hatukujua la kumwambia. Mjane anayelilia wema aliotendewa hakemewi. Kwa hiyo kaka yetu anayeishi Ruiru alipotualika mwishoni mwa Oktoba, tulimwomba mama tufuatane naye akabadili hewa kidogo. Akakubali, kwa kumpendeza mwanawe zaidi kuliko nafsi yake. Tukapanda treni kutoka Mombasa, tukalala Nairobi kwa jamaa zetu, na Jumamosi asubuhi tukashika njia ya Thika.

Nairobi hufanyika maonyesho makubwa ya maua mwezi wa Juni, ambapo wakulima hukutana na wanunuzi kutoka nchi za nje. Msimu wake ulikuwa umepita, na hata ungekuwa haujapita, hayo ni maonyesho ya wafanyabiashara. Kaka alikuwa na shauri jingine: kwa nini tusiyaone maua pale yanapoota? Rafiki yake anafanya kazi katika shamba moja la waridi upande wa Thika, na alikuwa ametuombea ruhusa.

Barabara ya Thika, iliyopanuliwa na kufunguliwa mwaka 2012, ina njia nyingi na pana, na gari letu liliipita Githurai, Ruiru na Juja kabla mama hajamaliza uradi wake wa asubuhi. Thika uko zaidi kidogo ya kilomita 40 kutoka Nairobi. Huko juu, kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, mchana ni wa jua na usiku ni wa baridi, na hali hiyo ndiyo inayolipenda waridi.

Shamba lenyewe ni mabanda marefu yaliyoezekwa kwa plastiki nyeupe, moja baada ya jingine. Ndani, mistari ya waridi imenyooka kama safu za wanaosali: nyekundu, manjano, nyeupe, na rangi moja ya pichi ambayo sote tuliikodolea macho. Wafanyakazi, wengi wao wanawake, hukata ua likiwa bado halijafunguka, hulitumbukiza majini upesi, kisha hulipeleka kwenye chumba cha kupangia. Huko mashina hupimwa urefu, hufungwa mafungu, na kuingizwa katika chumba chenye baridi kali mpaka safari ya uwanja wa ndege. Mengi huelekea Uholanzi, penye soko kuu la mnada wa maua, na kutoka huko husambazwa Ulaya. Tuliambiwa kwamba hakuna wakati wa kazi nzito kuliko siku zinazotangulia tarehe 14 Februari.

Mama alisikiliza yote kwa adabu. Kisha akainama polepole, akaliweka ua moja jekundu puani, akavuta pumzi. Akanyanyuka, akalijaribu la pili, na la tatu.

"Wanangu," akasema, "haya maua ni mabubu."

Mwenyeji wetu alicheka, akakiri. Alitueleza kwamba waridi za biashara zimechaguliwa kwa urefu wa shina, kwa rangi, na kwa uwezo wa kudumu siku nyingi ndani ya chombo. Katika kuchagua hayo, vizazi baada ya vizazi, harufu iliachwa nyuma. Ua linalosafiri mbali, alisema, haliwezi kubeba kila kitu.

Hatukusema neno, lakini sote tulifikiri jambo moja. Kwetu Pwani ua ni harufu kwanza. Asumini, kilua, mrehani na waridi wetu wa uani hatuviweki mezani vitazamwe. Huviweka nywelani, kifuani, juu ya mito na ndani ya masanduku ya nguo. Tulikuwa tumemleta mama safari ya mamia ya kilomita kumwonyesha maua, na maua hayakuwa na la kumwambia.

Tulipitia mjini Thika. Tuliona maporomoko ya mto Chania karibu na Blue Posts, hoteli iliyoanzishwa mwaka 1908, kabla hata ya reli kufika, kisha tukaenda msikitini. Kwa kuwa tulikuwa wasafiri, tulizisali adhuhuri na alasiri kwa kuzikusanya na kuzipunguza. Mama alikaa kwenye nyuradi muda mrefu, nasi hatukumharakisha.

Saa tisa tulikuwa Ruiru. Mji huu zamani ulizungukwa na kahawa. Kituo chake cha utafiti ndicho kilichotoa aina iitwayo Ruiru 11, waliyopewa wakulima mwaka 1985, inayostahimili chulebuni na kutu ya majani. Siku hizi mashamba mengi yamegawanywa viwanja, na nyumba zimesimama palipokuwa na mibuni. Lakini nyuma ya nyumba ya kaka pamebaki kipande cha shamba, na mvua za vuli zilikuwa zimenyesha siku kadhaa kabla.

Mama ndiye aliyetangulia kushuka garini. Tulimwona amesimama, mkono umeshika mlango, uso ameuelekeza kwenye ua wa michongoma.

"Nani ametunga asumini hapa?" akauliza.

Hakuna aliyekuwa ametunga. Ng'ambo ya michongoma mibuni ilikuwa imechanua yote kwa pamoja, vishada vyeupe vimeshikana na matawi kana kwamba mtu ameyanyunyizia unga wa mchele. Ua la mbuni hukaa siku chache tu baada ya mvua, kisha hunyauka, na harufu yake inafanana mno na asumini. Sisi tuliokulia kwenye harufu ya kahawa chungu, ambao hatukuzika wala hatukuoza bila buli la kahawa, hatukuwa tumewahi kuliona ua lake.

Mama alipita penye uwazi wa ua, akaingia kati ya mistari, akasimama huko peke yake. Tulisikia akilia. Hakuwa amelia hivyo tangu siku ya tatu ya msiba. Muda wote huo alikuwa akijibana. Wifi yetu alitaka kumfuata, kaka akamzuia kwa ishara ya mkono. Aliporudi, macho yake yalikuwa mekundu na bega lake limeangukiwa na maua mawili, naye hakuyapangusa.

Wifi alikuwa ametuandalia chakula cha Kivietnamu. Alipokuwa akifanya kazi Doha alikaa nyumba moja na msichana wa Vietnam aliyemfundisha supu yao iitwayo pho. Mifupa ya ng'ombe, aliyeinunua kwa mchinjaji Mwislamu, ilikuwa imechemka tangu usiku pamoja na tangawizi na vitunguu vilivyochomwa, mdalasini, karafuu, iliki, na kiungo chenye umbo la nyota. Supu hiyo humwagwa ikiwa moto juu ya tambi za mchele na vipande vyembamba vya nyama. Kando huwekwa pojo zilizochipua, ndimu, pilipili na majani mabichi, kila mtu ajitilie apendavyo. Mchuzi wao wa chumvi hutengenezwa kwa samaki wadogo na chumvi, na wifi alikuwa amesoma maandishi ya chupa herufi kwa herufi kabla ya kuununua. Mama alionja, akanyamaza, akaonja tena. "Hii ni pilau iliyokataa kukauka," akasema, nasi tukacheka kicheko ambacho hatukuwa nacho kwa miezi mingi.

Kati ya yale majani mabichi lilikuwamo tawi la rihani. Wifi alilitoa, akamnyooshea mama kwa mikono miwili. Mama alisita. Tulijua anachokikumbuka, kwani baba alipenda kutusomesha kwamba Mtume (s.a.w.) ametufunza tusikatae rihani tunapopewa, maana si mzigo kuibeba na harufu yake ni njema. Akalipokea. Nusu aliitia katika supu, na nusu akaichomeka ndani ya mtandio wake.

Tulimalizia kwa kahawa ya Kivietnamu, nzito, iliyotiwa maziwa matamu ya kopo. Nchi hiyo ni ya pili duniani kwa kuzalisha kahawa, baada ya Brazil. Mama alikunywa kwa heshima ya mwenyeji, kisha akaomba kahawa yetu, chungu, isiyo na kitu.

Kwa familia zitakazopenda kufuata njia hii: chukueni sweta, kwa kuwa jioni za huko si za Mombasa, ombeni ruhusa mapema kabla ya kuingia shamba la maua, na mkitaka kuiona mibuni ikichanua, nendeni siku chache baada ya mvua za kwanza. Na mkiwa na mjane nyumbani, msidhani kwamba eda ikimalizika kila kitu kimemalizika. Mchukueni mahali, mkae naye, mumwache alie.

Lile tawi la rihani lilirudi nasi kwa treni ndani ya kikombe cha maji, na limetoa mizizi. Alhamisi iliyopita tulimkuta mama uani akilimwagilia. Hakuwa amevaa kikuba. Lakini muuza asumini alipopita, alimwita, akamuuliza bei.

Mwenyezi Mungu amrehemu baba yetu na wote waliotutangulia katika imani, na awape subira njema waliobaki. Amin.