Kuku Si Kanga

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikuvunjika guu, lakini niliyoyaona yalinitosha.

Ilikuwa Jumamosi moja wakati wa mvua ya masika. Nilikuwa nikifyeka nyasi nyuma ya boma letu karibu na Awendo, mji ambao jina lake kwa Kijaluo ni huyo huyo kanga. Ghafla kanga jike akaruka puu! karibu anipige usoni. Chini, katika kishimo kidogo tu, palikuwa na mayai tisa.

"Mjukuu wangu, yaache," nyanya akaniambia. "Mwenyewe atarudi."

Lakini mimi nilikuwa nimeshapiga hesabu: kanga tisa sokoni, pesa ya chakula cha mchana shuleni. Nikayachukua nikamwekea kuku wetu aliyekuwa ameanza kuatamia. Mayai yake tukayala.

Baada ya majuma manne hivi, saba yakaanguliwa. Nilifurahi ghaya ya kufurahi! Kumbe furaha yangu ilikuwa ya muda tu. Kuku aliwatoa uani, mahali palipofagiwa pakang'aa. Akiwaita huku, wao wanakimbilia kule. Siku ya tatu mwewe akanyakua wawili. Waliosalia walinyeshewa, baridi ikawamaliza mmoja mmoja. Juma la pili halikwisha na hata mmoja.

Jioni moja nikitoka shule nilimwona kanga mwingine na vifaranga wake kando ya mahindi yaliyopaliliwa. Nikachuchumaa nitazame. Hapo ndipo nilipoelewa. Nyasi ndefu humfaa kanga anapoatamia, maana hutulia kimya asionekane. Lakini vifaranga hutembea mara tu wanapokauka, nao wanataka wadudu. Katika nyasi zilizoshonana hawapiti, na umande huwalowesha. Kwa hivyo mama huwahamisha. Huyu aliwaleta mahali peupe kiasi, penye mchwa na panzi, lakini hatua chache tu kutoka kichakani. Mwewe alipopita juu, mama alilia mara moja, wote wakatoweka kichakani.

Kuku wetu hakuwa na kichaka cha kuwapeleka wale saba. Mimi ndimi niliyekifyeka!

Mwalimu mmoja aliponisikia aliniambia kwamba hata sheria inataka kibali cha KWS kabla ya kufuga kanga. Nikanywea.

Wenzangu, huko Homa Bay kuna Mbuga ya Ruma katika bonde la Lambwe, kilomita mraba 120, na nyasi za kila aina zipo. Huku kwetu Migori miwa na mahindi yamefika hadi mlangoni. Nilimwomba baba asilime wala kuchoma ukanda wa nyasi ulio nyuma ya boma. Alicheka sana, kisha akanikatia upana wa hatua kumi.

Ukikuta mayai ya kanga, ndugu msomaji, ondoka polepole. Na hicho kichaka pia, kiache.