Upepo wa Kisian Hugeuka Usiku

UKIABIRI matatu mjini Kisumu kuelekea Busia, ukishapita Otonglo utafika Kisian, njia panda ya kwenda Bondo na Usenge. Wengi wanapajua kwa sababu ya kituo cha KEMRI, ambako watafiti wamechunguza malaria kwa miaka mingi. Mimi nilishuka hapo kwa ajili ya upepo.

Asubuhi ziwa lilikuwa limetulia kama maji ya mtungini. Saa sita ilipopita, upepo ulianza kuvuma kutoka majini, ukazidi nguvu hadi leso za akina mama walioanika samaki zikawa zinawapiga usoni.

"Leo huko Kericho watanyeshewa mawe," alisema mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu.

Nilidhani ni mzaha. Kumbe mzee anajua kazi yake! Jua hupasha nchi kavu joto upesi kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupaa, na ile ya ziwani, iliyojaa unyevu, huja kushika nafasi yake. Ikifika kwenye miinuko ya Nandi na Kericho hupanda, ikaleta ngurumo na ile mvua ya mawe inayoharibu majani chai.

Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, maji yakabaki na uvuguvugu. Pepo hushuka kutoka pande zote, zikakutana juu ya ziwa hilo la kilomita mraba 68,800 hivi, na hapo radi huanza. Ndio wakati mvuvi wa omena yuko majini na karabai yake.

Mzee aliwahi kuvua huko Usenge. "Mwanangu, dhoruba ya usiku haibishi hodi. Ukiona nyota zimezimika upande mmoja, kata wavu upige makasia."

Nduguye hakukata wavu. Mzee hakuendelea na habari hiyo, nami sikumwuliza.

Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba watu 3,000 hadi 5,000 hufa ziwani kila mwaka. Mwaka 2016, wataalamu wakiongozwa na Wim Thiery wa Ubelgiji, wakitumia setilaiti na hesabu za kompyuta, walionya kwamba dhoruba kali zitazidi ziwani kadiri dunia inavyopata joto. Lakini waligundua pia dalili yenye manufaa: ngurumo za alasiri zikiwa kali nchi kavu, usiku ziwa nalo huelekea kuchafuka. Kwa hiyo setilaiti inaweza kumwonya mvuvi kabla hajasukuma mashua. Mpango wa HIGHWAY, ulioanza mwaka 2017, ulizikutanisha idara za hali ya hewa za Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda ili kuboresha maonyo kama hayo. Onyo, bila shaka, halina faida lisipofika ufuoni mapema, tena kwa lugha ya mvuvi.

Jioni upepo ulikufa. Moshi wa jiko la mama mmoja ulisimama wima kwa kitambo, kisha ukaanza kulala kuelekea majini. Mzee aliutazama, akakunja wavu wake.